ONYO JUU YA KUOGOPA NDEGE MBAYA
Pamoja na Khabari za Japani na Mwaka wa Farasi wa Moto

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeumba usiku na mchana, na siku zote zikawa ni zake, hapana siku hata moja iliyo na mwenyewe mwingine. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, Mtume aliyekuja kuzivunja khofu za ujahili kama alivyoyavunja masanamu yake, na ziwashukie jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata siku ya malipo. Ama baada ya haya:

SABABU YA KUANDIKA

Ndugu zangu Waislamu, siku moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa katika baraza ya msikiti pamoja na jamaa, akaja ndugu mmoja aliyekuwa amenunua gari lililotoka Japani, limeshushwa bandarini juma lile. Gari lile lilikuwa bado halijachukua hata abiria mmoja, lakini chini ya kiti chake ilikuwa imekwisha kutiwa hirizi ya mganga. Na mwenyewe alikuja kuniuliza ni siku gani iliyo njema ya kulianzia safari, kwani siku ile ilikuwa ni Jumanne, naye akiichelea. Kabla sijamjibu, mzee mmoja katika waliokaa akacheka, akasema: "Waliounda gari hili hawana mambo haya. Wao wategemea chuma na hesabu, ndipo wakatushinda."

Nami nikanyamaza siku ile, kwani kila mmoja katika wawili hawa alikuwa amekosea, na kosa la kila mmoja lilitaka maneno marefu. Yule wa kwanza alidhani kuwa kuogopa siku ni katika dini. Na yule wa pili alidhani kuwa ufundi wa kuunda vyombo watosha kuitoa khofu hiyo moyoni mwa mtu. Na khabari ya Japani, kwa mwenye kuijua, yawarudi wote wawili. Kwani huko Japani wako wengi ambao wakinunua gari hulipeleka hekaluni, kuhani akalisomea na kulipungia, na dereva akatoka na kifuko kidogo cha kitambaa, ambacho wao hukiita omamori, akakitundika ndani ya gari kimlinde na ajali. Basi gari laweza kutoka kwenye hirizi ya kule likaja kwenye hirizi ya huku, na chuma ni kile kile.

Kwa hivyo nimeandika kurasa hizi chache. Wala sikukusudia kuwacheka Wajapani, kwani mwenye kumcheka jirani yake kwa kibanzi na yeye mwenyewe ana gogo hajanufaika na kitu. Nimekusudia tujitazame sisi wenyewe katika kioo cha watu walio mbali nasi, kwani aibu ya mtu wa mbali huonekana upesi kuliko aibu ya nafsi.

WAYAOGOPAYO WATU WA JAPANI

Japani ni nchi ya visiwa mashariki ya bara la Asia. Dini yao ya asili huitwa Shinto, nayo ni kuabudu miungu mingi ya huko. Na pamoja nayo wana dini ya Buddha, iliyowafikia kwa njia ya Korea katika karne ya 6. Ni watu wa bidii, wa usafi, na wa elimu kubwa ya ufundi, na hayo hapana awezaye kuyakanusha. Lakini tazama wayaogopayo.

Hesabu ya nne kwao yaweza kusomwa shi, na mauti nayo huitwa shi. Hesabu ya tisa yaweza kusomwa ku, na neno hilo ndilo la mateso. Kwa sababu hiyo mna mahospitali na mahoteli yasiyo na chumba cha 4 wala cha 9. Ukihesabu milango, baada ya 3 waona 5. Na mwanamume akifika umri wa miaka 42 huambiwa ameingia katika mwaka wa balaa, kwa kuwa nne na mbili zikisomwa pamoja husikilizana kama neno la kufa. Na mwanamke wa miaka 33 huambiwa vivyo hivyo, kwa kuwa matamko ya hesabu yake yafanana na neno la taabu kubwa. Basi huenda hekaluni wakatoa fedha ili waondolewe mkosi, na mkosi wenyewe hauna asili illa kufanana kwa matamko.

Kadhalika wana duara ya siku sita ambayo huandikwa katika kalenda. Moja huitwa taian, yaani amani kubwa, na watu hupenda kuoana siku hiyo. Nyingine huitwa butsumetsu, yaani kufa kwake Buddha, na kumbi za harusi hupunguza bei siku hiyo kwa kukosa watu. Nyingine huitwa tomobiki, na maandishi yake yasomeka kuwa ni kumvuta rafiki. Basi hawapendi kufanya maziko siku hiyo, wakichelea maiti asije akamvuta mwenziwe. Na kwa kuwa wao huwachoma maiti wao, nyumba nyingi za kuchomea hufungwa siku hiyo, na maiti akangoja.

Na yako mengine madogo madogo. Husema kuwa mwenye kupiga mluzi usiku humwita nyoka. Husema kuwa mwenye kukata kucha usiku hatawahi kuwapo wazazi wake wakifa. Gari la maiti likipita, wengine hukificha kidole gumba ndani ya kiganja, kwa sababu kidole hicho kwa lugha yao huitwa kidole cha mzazi, nao wachelea wazazi wao wasidhurike. Wala hawapendi kulala na kichwa kaskazini, kwani hivyo ndivyo maiti alazwavyo. Nadhani msomaji, akifika hapa, atakumbuka aliyoambiwa na bibi yake juu ya mluzi na kucha, na hali bibi yake hakupata kumwona Mjapani.

Na zamani walikuwa wakisema kuwa chini ya ardhi yuko samaki mkubwa aina ya kambare, na akijitikisa ndipo nchi ikatetemeka. Na mungu mmoja wa mahali paitwapo Kashima amemgandamiza kwa jiwe. Mwaka 1855 mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, ulipigwa na zilzala kubwa, wakafa watu maelfu. Na kabla ya machozi kukauka, zilikuwa zikiuzwa njiani picha za kambare yule kwa wingi, watu wakizinunua kwa kinga na kwa kujiliwaza.

Na lililo baya kuliko hayo ni khabari ya mbweha. Waliitakidi kuwa mbweha humwingia mtu akamtia wazimu, na kuwa ziko nyumba zinazofuga mbweha wa namna hiyo, wakirithiana mama kwa binti. Katika nchi za upande wa Izumo, mbari zilizosingiziwa jambo hilo zilikimbiwa, watu wakakataa kuoana nao, kizazi baada ya kizazi, bila ya shahidi wala kosa. Na hapa, ndugu zangu, jambo limetoka katika kuchekesha likaingia katika dhuluma. Kwani ndege mbaya huanza kwa kucha na mluzi, na mwisho wake huwa ni juu ya mtu.

MWAKA WA FARASI WA MOTO

Sasa sikilizeni khabari ambayo ndiyo kiini cha maneno haya. Wajapani walichukua kutoka China hesabu ya miaka inayozunguka kwa wanyama 12 pamoja na asili 5, nazo ni mti na moto na udongo na chuma na maji, kila moja kwa namna mbili. Duara hiyo hutimia kwa miaka 60. Na kila miaka 60 hufika mwaka mmoja uitwao hinoe-uma, yaani farasi wa moto. Husema kuwa farasi mwenyewe ni wa moto, na mwaka wake ni wa moto, basi ni moto juu ya moto. Na mwanamke aliyezaliwa mwaka huo, kwa madai yao, huwa mkali, humla mumewe, yaani humfisha kabla ya wakati.

Na khofu hii hutiwa nguvu kwa kisa cha binti mmoja wa Edo jina lake Oshichi, mtoto wa muuza mboga. Nyumba yao iliungua, wakakimbilia hekaluni, akampenda kijana huko. Waliporejea kwao akatia moto ili apate kurejea kwa kijana yule, akashikwa, akauawa mwaka 1683. Ikasemwa kuwa alizaliwa katika mwaka wa farasi wa moto. Tazama jinsi ya ajabu: kosa la msichana mmoja likaandikwa juu ya vipaji vya maelfu ya wasichana wasiomjua wala yeye hakuwajua.

Mwaka huo uliingia katika 1906. Waliozaliwa walipungua kwa kiasi cha 4 katika mia, na wazazi wengine waliwaandikisha binti zao kuwa wamezaliwa mwaka wa nyuma au wa mbele, ili waifiche siku yao. Na wale ambao siku yao haikufichika, walipofika umri wa kuolewa, wengi wao walirudishiwa posa. Binti hakuulizwa dini yake, wala tabia yake, wala kazi ya mikono yake. Aliulizwa mwaka wake, na hilo likatosha.

Kisha ukaingia tena katika 1966. Na Japani ya wakati huo haikuwa ile ya kwanza. Miaka miwili nyuma, katika Oktoba 1964, walikuwa wamefungua treni ya umeme baina ya Tokyo na Osaka, ikienda zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na mwezi huo huo walikusanya mataifa ya dunia katika michezo ya Olimpiki. Watoto wao wote walikuwa wakisoma. Mtu mwenye akili angalidhani kuwa farasi wa moto amekwisha kufa. Lakini mwaka 1965 walizaliwa watoto 1,823,697. Mwaka 1966 wakazaliwa 1,360,974. Na mwaka 1967 wakazaliwa 1,935,647. Yaani katika mwaka ule mmoja walipungua zaidi ya 460,000, robo nzima ya waliozaliwa mwaka uliotangulia, kisha mwaka wa pili wake wakarejea na kuzidi. Hapakuwa na vita, wala njaa, wala tauni. Ilikuwa ni khofu tu. Wengi walizuia mimba, na wengine waliziharibu zilizokwisha kuingia, na kiasi cha mimba zilizoharibiwa kwa kulinganishwa na waliozaliwa kilizidi mwaka ule.

Basi zingatia, ewe msomaji. Katika 1906, watu walipokuwa na vyombo vichache na elimu chache, upungufu ulikuwa 4 katika mia. Katika 1966, walipokuwa na dawa na madaktari na treni ya umeme, upungufu ulikuwa 25 katika mia. Elimu ya vyombo haikuitoa khofu. Iliipa khofu mikono ya kufanyia kazi. Na hili ndilo jibu la yule mzee wa barazani.

Na wale mabinti waliozaliwa, je, waliwaua waume zao? Katika waliozaliwa mwaka ule yumo Kiko, aliyezaliwa Septemba 1966. Huyo aliolewa mwaka 1990 na Akishino, mtoto wa mfalme wa Japani, akamzalia watoto 3. Na mwaka 2020, miaka 30 baada ya harusi, mume huyo alitangazwa rasmi kuwa mrithi wa kiti cha ufalme, yu mzima. Na maelfu ya wengine waliolewa wakakaa na waume zao kama wakaavyo watu wote. Duara ya miaka 60 imeufikia mwaka 2026, nao ni mwaka wa farasi wa moto tena.

WALIOTAKA KUYAONDOA

Haikuwa kwamba Japani hawakutokea watu wa kuyakataa hayo. Serikali yao, ilipobadili kalenda ya mwezi kwa kalenda ya jua mwishoni mwa 1872, ilikataza kuandikwa katika kalenda siku za kheri na siku za shari. Lakini watu walichapisha kalenda za siri, wakazinunua, na ile duara ya siku sita ikazidi kujulikana. Na baada ya vita vilivyokwisha 1945, makatazo yalipoondoka, ikarejea katika kalenda za waziwazi.

Na alikuwako mwanachuoni wao mmoja, Inoue Enryo, aliyeanzisha madrasa ya falsafa mjini Tokyo mwaka 1887. Alitembea katika nchi yake akikusanya khabari za mizimwi na mashetani na kuwaeleza watu sababu zake. Wakati wake kulizuka mchezo wa kuuliza ghaibu kwa vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja na kufunikwa sinia, watu wakaweka mikono juu yake, na sinia likitikisika wakasema ndiyo majibu ya mbweha. Akabainisha kuwa ni mikono ya watu wenyewe iliyokuwa ikilitikisa pasipo wao kujijua. Alifanya kazi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1919, na baada ya kufa kwake ikapita miaka 47, farasi wa moto akaja na nguvu kuliko mwanzo.

Kwa nini? Kwa sababu amri ya serikali huifikia karatasi, na hoja ya mwanachuoni huifikia akili, lakini khofu hukaa moyoni. Na moyo hautoki katika kuogopa kitu illa ukipata wa kumtegemea aliye mkubwa kuliko kitu hicho. Moyo ulio mtupu, ukifukuzwa ndege mmoja, hukaribisha mwingine.

MAFUNZO YA DINI YETU

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Kitabu chake khabari za watu waliotangulia, na katika sifa zao ni kuona ndege mbaya katika watu wema. Katika Suratul Aaraf tumeelezwa kuwa watu wa Firauni, walipofikwa na shari, walimnasibishia Musa na walio pamoja naye. Katika Suratun Naml, Thamudi walimwambia Nabii Saleh maneno kama hayo. Na katika Sura ya Yasin, watu wa mji waliwatishia mitume kwa sababu hiyo hiyo, wakajibiwa kuwa mkosi wao wanao wao wenyewe. Basi tazama: wenye kuona ndege mbaya wote ni wakosa, na walioonwa kuwa ndege mbaya wote ni wema. Hiyo yatosha kuwa onyo.

Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyo ndani ya Bukhari na Muslim, ameikanusha tiyara, nayo ndiyo kuona ndege mbaya, na ameikanusha hama, nayo kwa tafsiri moja ni bundi ambaye Waarabu walimwogopa, na ameikanusha nuhusi ya mwezi wa Safar. Na katika hadithi nyingine ameihesabu tiyara kuwa ni ushirikina. Na alipokufa mtoto wake Ibrahim, jua likapatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Lau angalikuwa ni mtu wa kutafuta ukubwa, angalinyamaza. Lakini alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Aliyasema haya na moyo wake una huzuni ya mwanawe.

Na Waarabu wa ujahili walikuwa wakiona mwezi wa Shawwal, ambao sisi twauita Mfunguo Mosi, kuwa ni mbaya kwa kuoana. Bibi Aisha (R.A.A.) akaeleza kuwa yeye aliolewa na Mtume katika Shawwal na akaingia nyumbani kwake katika Shawwal, na akauliza ni mke gani aliyependwa kuliko yeye. Na kwa hadithi hiyo Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, akasema kuwa yapendeza kuoza katika mwezi huo. Hivi ndivyo dini inavyomfukuza ndege mbaya: yamwendea pale pale alipotua.

Na Qurani imemsema vibaya mtu wa ujahili ambaye akipewa khabari ya kuzaliwa kwa binti uso wake husawijika, na imekataza kuwaua watoto kwa kuogopa umasikini. Basi itakuwaje kwa mwenye kumkataa mtoto kwa kuogopa mnyama wa kalenda?

SISI NASI

Lakini, ndugu zangu, Wajapani hawakuteremshiwa Yasin nyumbani mwao wakaisoma kila Alkhamisi kama tuisomavyo sisi. Sisi twaisoma, kisha bundi akilia juu ya paa twakosa usingizi. Twaisoma, kisha Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano twaogopa kusafiri. Twaisoma, kisha mtu akifungua duka asubuhi na mteja wa kwanza akakopa, humtukana kuwa ana kisirani. Mwenye udhuru wa kutojua ni nani, na mwenye hoja juu ya shingo yake ni nani?

Na mimi sisemi haya nikijitoa. Nilipokuwa na umri wa miaka 30 hivi, nasomesha watoto chuoni, nilikuwa na kitabu cha nyota, na watu wakinijia. Siku moja akanijia mzee mmoja, mtu mwema wa mtaani kwetu, na majina ya kijana na binti yake, na majina ya mama zao. Nikayapiga hesabu ya abjadi, nikagawanya, nikatoa. Nyota ya mmoja ikatua katika moto na ya mwenziwe katika maji. Nikamwambia hazipatani. Sikumjua kijana illa kwa sala zake msikitini, nazo zilikuwa njema. Na binti alikuwa amehitimu Qurani katika chuo kile kile. Posa ikarudishwa. Nami nikapewa hadiya ya kanzu, nikaipokea.

Kijana akaoa mahali pengine. Lakini maneno hayana kufuli, yakatoka, yakaenea kuwa binti yule ana nyota nzito, izimayo nyumba. Wakwe waliokuja baadaye wakauliza, wakaambiwa, wakarudi. Akakaa miaka 11. Mwisho Mwenyezi Mungu akamleta mtu mmoja mfiwa, mwenye watoto wadogo, asiyejua nyota wala hesabu, akamwoa, wakapata kheri. Nilikwenda kwa baba yake kabla hajafa nikamtaka radhi. Akanijibu: "Mwalimu, mimi nimekusamehe. Lakini si mimi niliyekaa dirishani miaka 11." Nikatoka nikamtaka radhi mwenyewe binti, mbele ya mumewe. Na kile kitabu nikakichoma siku ile, na kanzu sikuivaa tena.

Basi niambieni, ni nini tofauti ya binti yule na mabinti wa Japani waliozaliwa 1906? Wao waliulizwa mwaka, na huyu aliulizwa hesabu ya jina la mama yake. Wao waliharibiwa na makuhani wa masanamu, na huyu aliharibiwa na mwalimu wa Qurani. Nami naona la pili ni zito kuliko la kwanza.

KUJIBU HOJA

Huenda mtu akasema: Je, elimu ya falaki si elimu, na mabaharia wetu si wakisafiri kwa nyota? Jibu ni kwamba kujua nyakati za sala, na kibla, na mwandamo wa mwezi, na njia ya bahari, na musimu wa kaskazi na wa kusi, hayo ni mambo yaonekanayo kwa macho na hesabu, nayo yafaa. Nahodha huitazama nyota ajue upande wa kaskazini. Haiulizi nani atakufa. Lililokatazwa ni kuipa nyota hukumu ya kheri na shari juu ya mja.

Na huenda akasema: Hata kusoma Qurani kwa mgonjwa wakataza? La, hasha. Kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu na kwa dua alizotufundisha Mtume ni jambo jema lililothubutu, kwani hapo wamwendea Mwenyewe. Maneno yetu ni juu ya kukimbilia kisichosikia wala kisichodhuru. Na neno jema Mtume alikuwa akilipenda, kwani neno jema ni kumdhania Mungu vyema.

Na huenda akasema: Lakini sisi tumeyaona yakithubutu, fulani alisafiri Jumatano akapata ajali. Nasi twamuuliza: Wangapi walisafiri Jumatano wakafika salama, na hukuwahesabu? Na wangapi walichagua siku wakaangamia? Hivi ndivyo walivyodanganyika watu wa farasi wa moto: mjane mmoja wa mwaka ule humkumbuka, na wake elfu wanaozeeka na waume zao huwasahau. Liandikwalo ndilo liwalo.

Na huenda akasema: Nimefahamu, lakini khofu hunijia bila ya kutaka. Huyu ndiye mkweli, na dawa yake ipo. Sahaba mmoja alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa miongoni mwao wako waonao ndege mbaya, akaambiwa kuwa hilo ni jambo walionalo vifuani mwao, lisiwarudishe nyuma. Basi khofu ikikujia usihesabiwe kuwa umekosa, umekosa utakapoitii. Likikupitia, mtegemee Mungu, uendelee na safari yako.

WASIA

Nawausia nafsi yangu na nyinyi mambo matatu. La kwanza, akija kwako mtu kuposa, uliza dini yake na tabia yake, kwani Mtume ametuamrisha kumwoza ambaye twaridhika na dini yake na tabia yake. Na wanachuoni wa madhehebu yetu wamehesabu katika kafaa mambo 5, nayo ni kusalimika na aibu zinazojulikana, na uhuru, na nasaba, na uchaji, na kazi; hakuna la sita liitwalo nyota. La pili, ukitatizika katika jambo, taka shauri kwa mwenye akili, kisha sali rakaa mbili za istikhara, ukamwachie Mola wako. La tatu, usimtie mtu yeyote alama ya mkosi, wala mjane, wala mwenye kengeza, wala mteja wa asubuhi, wala mtoto aliyezaliwa siku ya msiba. Kwani maneno hayo hukutoka mara moja, na mwenziwo huyachukua umri wake wote.

Na yule ndugu mwenye gari alinijia tena Jumanne ya pili yake, gari limo ndani bado, na deni lake likienda. Nikamwambia: Tazama breki zako, na magurudumu yako, na taa zako, na leseni yako, kisha sema Bismillahi uondoke leo. Akaitoa ile hirizi akanipa, akaondoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutoe khofu ya kila kitu illa ya kumwogopa Yeye, atusamehe tuliyowadhulumu watu kwa ujinga wetu, na awaongoe watu wa Japani na wa kila nchi katika nuru ya tauhidi, na sisi pamoja nao. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Amin.

Wabillahi ttawfiq.